Wazazi wa Sentimita 15: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Picha ya Kadi ya Sikukuu yenye Mzaha

Watoto wamekaa mezani. Mbele yao, juu ya meza hiyohiyo, wamesimama baba na mama wenye urefu wa kalamu. Baba amekumbatia mto, kichwa chini. Mtoto mdogo amemnyooshea kidole, uso umekunjamana kwa ukali. Mama anachungulia nyuma ya kikombe akijizuia kucheka. Anayepokea kadi yenye picha hiyo hucheka kwanza, halafu huisogeza karibu na macho kutafuta ilipoungwa. Mwongozo huu ni wa kuhakikisha hapaoni.

Nimewatengenezea ndugu na marafiki picha za namna hii kwa miaka kadhaa, na ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kazi hunyooka au huharibika kabla kompyuta haijawashwa. Mara ya kwanza niliwapiga wazazi harakaharaka, kamera ikiwa usawa wa macho yao, mita mbili tu kutoka waliposimama, ilhali meza nilikuwa nimeipiga kutoka juu. Nilikesha usiku mbili na programu. Nikasafisha kingo, nikarekebisha rangi, na bado walionekana kama vibandiko. Kosa lilikuwa pembe, na pembe iliyokosewa wakati wa kupiga haitibiki baadaye.

Mzaha wautunge watoto

Wazazi wadogo waliosimama wima wakitabasamu huchekesha mara moja tu. Picha inayotazamwa tena na tena ni ile yenye kisa. Njia niliyoona inafaa kuliko zote ni kuwauliza watoto wenyewe: "Sisi tungekuwa wadogo hivi, mngetufanyia nini?" Yule wa miaka mitano alijibu bila kufikiri kwamba angemwambia baba aende akalale. Hapo kisa kikawa kimepatikana: mto, kidole, uso wa ukali. Mtu mzima asingekitunga vizuri hivyo.

Chora kisa hicho kwenye karatasi, hata kwa vijiti tu. Onyesha nani yuko wapi, anamtazama nani, na mwanga unatoka upande gani. Panga pia kitu kimoja kitakachomziba mzazi mmoja kidogo: ukingo wa kikombe, kitabu, au kidole cha mtoto. Mtu aliyebandikwa juu ya kila kitu hutambulika mara moja. Anayezibwa nusu ya mwili na kikombe huaminika, kwa sababu jicho linamwona yumo ndani ya picha.

Vifaa ni vichache: simu nzuri au kamera, stendi isiyotikisika, futikamba, na chupa nyembamba ya sentimita 15. Kwa kuunganisha, programu yoyote yenye matabaka (picha zinazopangwa moja juu ya nyingine) na maski (kifichio cha sehemu ya tabaka) inatosha. Photoshop ni ya kulipia, GIMP ni ya bure, na Photopea hufunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote.

Kanuni ya mara 11

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, kwa hiyo twende polepole.

Baba ana sentimita 170 na anatakiwa aonekane wa sentimita 15. Gawanya 170 kwa 15, utapata kama 11. Maana yake ni kwamba kila kipimo cha kamera ulichotumia kupiga meza lazima ukizidishe kwa 11 unapompiga baba. Tuseme mezani lenzi iko sentimita 13 juu ya ubao, na sentimita 70 kutoka pale baba atakapoonekana amesimama. Basi unapompiga baba mwenyewe, lenzi iwe sentimita 143 kutoka ardhini, na mita 7.7 kutoka miguuni pake. Kamera iwe imeinama kiasi kilekile.

Ukifuata hivyo, viatu vyake vitaonekana kwa mlalo uleule ambao ubao wa meza unaonekana. Usipofuata, meza itaonekana kwa kulala na viatu vitaonekana kutoka juu. Mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, lakini ataihisi.

Ndiyo maana naishusha kamera hadi karibu na ubao. Ukiiinua sentimita 40 juu ya meza, utalazimika kumpiga baba kutoka mita 4.4 juu ya ardhi, na hiyo ni kazi ya kupanda ghorofani. Sentimita 12 hadi 14 huleta urefu wa kati ya kifua na kidevu cha mtu mzima, ambao stendi yoyote ya kawaida inaufikia. Zaidi ya hayo, kamera iliyo chini huwafanya watoto waonekane majitu.

Kanuni hii inajihakiki yenyewe. Ukitumia lenzi ileile bila kuzumu, baba atatokea kwenye picha yake akiwa na kimo karibu sawa na kile cha chupa ya sentimita 15 kwenye picha ya meza. Vimo vikipishana sana, pima upya umbali. Ukitaka maelezo zaidi ya sura na nguo unaweza kuzumu kwa lenzi halisi, mradi usisogee kutoka mita zako 7.7. Kinachobadilisha umbo la mtu ni mahali kamera ilipo. Zumu hukata tu sehemu ya kile kinachoonekana.

Mita 7.7 hazipatikani ndani ya nyumba nyingi. Toka nje, na utakuta nje kunafaa kwa sababu nyingine pia.

Mwanga nao una kipimo chake

Dirisha la mita moja lililo kando ya meza, kwa mtu wa sentimita 15, ni sawa na ukuta wa mwanga wenye mita 11. Mwanga mkubwa hivyo ni laini sana, na kivuli chake hakina ukingo mkali. Ukimpiga baba sebuleni kwa taa moja, pua yake itatupa kivuli kikali shavuni, na kivuli hicho peke yake kitatangaza kwamba huyu hakuwepo mezani.

Kwa hiyo wazazi wapigwe nje kwenye kivuli cha nyumba, jua likiwa halijawagusa. Kama dirisha la mezani liko kushoto mwa kamera, wasimame pale ambapo kushoto mwa kamera kuna anga wazi na kulia kuna ukuta au mti mnene wa kuzuia mwanga. Tazama nyuso zao kabla ya kupiga: shavu lililo kushoto mwa picha liwe angavu, la kulia liwe na giza kidogo, sawa na nyuso za watoto kwenye picha ya meza. Beba picha hiyo kwenye simu uwe unailinganisha palepale.

Chini ya miguu yao tandika shuka au karatasi kubwa yenye rangi inayokaribia ya meza. Mwanga hudunda kutoka chini na kupaka rangi viatu, pindo na kidevu. Mtu aliyesimama kwenye nyasi hubeba ukijani ambao utahangaika nao muda mrefu baadaye. Nyuma yao kuwe na ukuta wa rangi moja, ya kijivu ikiwezekana, na wasimame mbali nao kwa si chini ya mita mbili.

Kuunganisha watu waliopigwa mbalimbali si jambo la jana. Mwaka 1857, huko Uingereza, mpiga picha Oscar Rejlander aliunganisha hasi (negative) zaidi ya 30 kuwa picha moja, akichapa kipande kimoja baada ya kingine gizani. Kazi ya namna ile haikuwa na nafasi ya kusahihisha kimo cha mtu baada ya kumpiga, na nafikiri ni vizuri kujizoeza kufikiri hivyo hata leo.

Kupiga picha za meza

Funga kamera kwenye stendi na usiiguse tena mpaka mwisho. Tumia kipima muda cha sekunde 10 au kibonyezo cha mbali. Kwenye simu, bonyeza na kushikilia skrini pale kwenye chupa mpaka fokasi na mwanga vijifunge. Zima kabisa hali ya picha za watu inayofifisha mandharinyuma, maana ufifishaji wake wa kubuni hula kingo za nywele na vikombe. Kwa kamera yenye mipangilio, weka tundu la lenzi liwe dogo, f/8 au namba kubwa zaidi, na rangi ya mwanga (white balance) isiwe ya kujirekebisha.

Picha ya kwanza ni ya meza tupu. Utaiona haina maana siku hiyo, ila ndiyo itakayokuokoa utakapohitaji kuziba shimo lolote.

Picha ya pili ni ya watoto pamoja na chupa, ikiwa imesimama hasa pale atakapokuwa baba. Chupa hii inafanya kazi tatu. Watoto wana kitu cha kutazama, kwa hiyo macho yote yanakutana mahali pamoja. Kivuli chake kinakuonyesha kivuli cha baba kitaanguka wapi, kirefu kiasi gani na cheusi kiasi gani. Tena inakupa kimo. Waambie watoto wautazame mfuniko, kwa sababu hapo ndipo uso wa baba utakapokuwa. Mtoto anayetazama katikati ya chupa ataonekana kama anatazama tumbo la baba.

Baada ya hapo ondoa chupa haraka, mtoto akiwa bado ameganda anapotazama, upige tena. Rudia mzunguko huo mara nyingi. Mtoto wa miaka mitano hupoteza hamu baada ya dakika kumi, kwa hiyo anza naye yeye, wakubwa wavumilie. Usimwombe atabasamu. Mwombe amgombeze baba ambaye hataki kulala, na umwache aseme kwa sauti. Uso wa mtoto anayegomba kwa dhati, nyusi zimeshuka na mdomo umechongoka, hauwezi kuigizwa kwa amri ya "tabasamu".

Na kwa kuwa kamera haijasogea, hakuna haja ya kutafuta picha moja ambayo wote wametoka vizuri. Utachukua uso wa mdogo kutoka picha ya 14 na wa dada yake kutoka picha ya 22.

Kuwapiga wazazi

Pima mita zako, weka lenzi kwenye kimo ulichokihesabu, na uwape wazazi kitu cha kutazama. Kosa linalojirudia zaidi hapa ni macho. Kwa mtu wa sentimita 15, uso wa mtoto ni mkubwa kama nyumba, na uko juu. Kama macho ya mtoto yako sentimita 25 juu ya ubao, zidisha kwa 11: baba atazame kitu kilicho mita 2.75 kutoka ardhini, upande uleule alipo mtoto. Mtu ashike fagio juu kwa kimo hicho, na baba aitazame ncha yake. Katika kisa chetu baba ameinamisha kichwa, kwa hiyo ni mama anayehitaji fagio.

Piga miguu yote, viatu vyote, na ardhi kidogo mbele yake. Wapige pamoja ikiwezekana, ili kimo cha mmoja kwa mwenzake kibaki cha kweli. Nywele zisiwe zinapeperuka, na mikono iwe imeachana kidogo na kiwiliwili ili mwanya uonekane vizuri.

Kuunganisha kwenye kompyuta

Fungua picha bora ya watoto isiyo na chupa. Hiyo ni tabaka la chini. Weka juu yake nyuso ulizochagua kutoka picha nyingine, kila moja kwenye tabaka lake, na ufiche kila kisichotakiwa kwa maski. Maski hufanya kazi kwa rangi mbili: ukipaka nyeusi, sehemu hiyo hufichika, ukipaka nyeupe, hurudi. Kwa sababu hiyo usitumie kifutio kamwe. Ulichokifuta kimekwenda, ulichokificha kipo.

Leta picha ya wazazi. Programu nyingi siku hizi humkata mtu kwa kubonyeza mara moja, na ni mwanzo mzuri. Lakini pita mwenyewe kwa brashi ndogo sehemu tatu ambazo mashine huzikosea: nywele, mwanya kati ya mkono na mbavu, na nyayo. Ukingo wa maski ulainishwe kwa pikseli moja tu, kwa maana ukilainisha zaidi mtu hupata ukungu kumzunguka. Rangi ya ukuta ikibaki pembezoni mwa nywele, sogeza ukingo ndani kidogo badala ya kuipaka.

Fungua picha yenye chupa kwenye tabaka jingine na uipunguze iwe nusu ya kuonekana. Weka visigino vya baba pale hasa kitako cha chupa kiligusa ubao, kichwa kifike kwenye mfuniko. Kisha ifiche picha hiyo ya chupa. Kwa mama, nakili kikombe kutoka tabaka la chini, kiweke juu ya tabaka lake, naye amezibwa.

Kuna programu za akili bandia zinazoweza kuunda picha nzima kutokana na maelezo. Mimi sizitumii kwa kadi ya familia, kwa sababu hubadilisha nyuso kidogo kidogo: jino linanyooka, doa la shavuni linatoweka. Bibi anayempenda mjukuu wake ataligundua hilo kabla hajacheka.

Kivuli, na kivuli kingine

Watu wengi huchora kivuli kimoja na kushangaa kwa nini miguu bado inaelea. Vinahitajika viwili.

Cha kwanza ni kile chembamba cheusi chini kabisa ya soli, pale kiatu kinapokutana na ubao. Unda tabaka jipya chini ya baba, uliweke kwenye hali ya Multiply (inayotia giza kilicho chini yake), na kwa brashi ndogo laini upake mstari mwembamba kufuata soli. Usitumie nyeusi tupu. Chukua rangi ya meza yenyewe uitie giza. Kaza mstari huo kwenye kisigino na kwenye ncha ya kiatu, uulegeze pale soli inapojiinua katikati. Kazi hii ya dakika tano ndiyo inayomshusha mtu mezani.

Cha pili ni kile kipana chenye kuelekea upande wa pili wa dirisha. Rudisha picha ya chupa, uone kivuli chake kinaelekea wapi na kinafifia wapi. Nakili umbo la baba, lijaze rangi ile ya giza, lilaze kwa kulipindisha kufuata mwelekeo huo, kisha ulififishe kwa Gaussian Blur. Karibu na miguu kifife kidogo, mbali zaidi kifife sana. Punguza uzito wake mpaka ulingane na kivuli halisi cha kikombe kilicho kando. Kikombe ni shahidi mwaminifu. Kila ukiwa na shaka, mtazame yeye.

Meza ikiwa inang'aa, ongeza na taswira: nakala ya baba iliyopinduliwa kichwa chini, miguu ikigusana na miguu, ikiwa hafifu kwa kiasi cha asilimia 15 hivi na kufifia kuelekea kichwani.

Rangi, ukali na chembe

Linganisha sehemu nyeusi kuliko zote: viatu vya baba na nywele za watoto. Picha ya nje mara nyingi huwa na weusi wenye ubuluu kidogo, ya ndani weusi wenye umanjano. Rekebisha wazazi wafuate meza, usiibadilishe meza iwafuate wao.

Baada ya hapo kuza picha hadi asilimia 100. Mtu aliyepunguzwa ukubwa hutoka mkali kupita kiasi, kila uzi wa shati ukihesabika, ilhali ubao aliosimama ni laini kidogo. Mfifishe kwa sehemu ya pikseli mpaka ukali wa kiatu ulingane na ukali wa mistari ya mbao. Mwisho kabisa, mimina chembechembe kidogo (grain) juu ya picha nzima, zipite juu ya wote kwa pamoja.

Ili ujue imekaa, ipindue picha kushoto kulia, kisha ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe kwa muda. Jicho lililoizoea huamka, na tofauti za mwanga hujitokeza bila rangi kuzificha. Mwonyeshe pia mtu ambaye hakuwepo, usimwambie chochote, uangalie macho yake yanasimama wapi.

Kuifanya iwe kadi

Kadi ya Krismasi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya biashara, ile ya Henry Cole mjini London mwaka 1843 iliyochorwa na John Callcott Horsley, ilikuwa na familia katikati na nafasi ya kujaza jina la anayepelekewa na la anayetuma. Nafasi hiyo inasahaulika sana siku hizi. Acha sehemu tulivu ya picha, ukuta au ubao mtupu, na maneno yako yawe machache: salamu, majina, mwaka. Kisa kimeshasemwa na picha.

Kwa kadi ya A6, yenye milimita 148 kwa 105, kwa pikseli 300 kila inchi, unahitaji pikseli 1748 kwa 1240. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, iwe 1819 kwa 1311. Maandishi na nyuso vikae si chini ya milimita 5 ndani ya mstari wa kukatia. Hifadhi kwa rangi za sRGB (mfumo wa kawaida wa rangi za skrini) isipokuwa mchapaji akikuambia vingine. Karatasi haitoi mwanga kama skrini, kwa hiyo kadi hutoka na giza kuliko ulivyoiona. Chapisha nakala moja kwanza, uitazame mchana karibu na dirisha, uongeze mwanga kidogo ikibidi, ndipo uagize zote.

Kwa wanaopelekewa kwa simu, itume kama faili au hati, siyo kama picha, la sivyo itabanwa na ile kazi ya nyayo itapotea. Kabla ya kutuma, ondoa taarifa za mahali zilizomo ndani ya faili, na uangalie kwa mara ya mwisho kama nyuma ya watoto hakuna sare yenye jina la shule wala bahasha yenye anwani.